Mrejesho: Kijana wangu mtu mzima ametoka nyumbani kwa kufuata sheria

Wapendwa, niliuliza hapa namna ya kumtoa kijana wangu wa miaka 31 aliyekuwa ananitukana na kuuza vyombo vya ndani. Wengi mlisema nibadilishe kitasa. Sikufanya hivyo, na nashukuru waliosisitiza nipite kwenye sheria.

Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa walimsihi, hakusikia. Nikaenda Baraza la Kata. Swali la kwanza: nyumba ni ya nani? Niliinunua mwenyewe, mkataba wa mauziano na leseni ya makazi vina jina langu. Ingekuwa ya marehemu baba yake, angekuwa mrithi na tungeanzia kwenye mirathi. Mliofiwa, hilo liangalieni mapema sana!

Hapa Tanzania, tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Wakishindwa wanakuandikia cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda hata bila cheti. Amri ya kumtoa mtu inatekelezwa na dalali wa baraza (mtu aliyeidhinishwa kutekeleza amri zake), siyo wajomba wenye marungu.

Sisi hatukufika huko. Hati ya wito kutoka Wilayani ilipomfikia, aliisoma mara mbili, akamwita mjomba wake. Tukaandikiana makubaliano, nikamlipia chumba miezi mitatu, akahama. Shauri nimeliondoa. Ni mwanangu bado, Jumapili anakaribishwa kula, ila funguo alizirudisha mbele ya mwenyekiti.