Ushauri: manowari ipi Uingereza kwa familia yenye bibi na mtoto wa kigari?

Baba Wawili: Habari wakuu. Tunakwenda Uingereza kifamilia, na kijana wangu wa miaka 10 wimbo wake ni manowari tu. Shida ni msafara wenyewe: mama mkwe magoti yanamsumbua, na mdogo ana miaka 2. Tuna siku moja. HMS Belfast pale London, au twende Portsmouth, mji wa bandari wenye manowari kadhaa za kale?

Fundi Boila: Belfast, bila kujiuliza. Ina sitaha 9, unashuka mpaka vyumba vya boila na injini chini ya usawa wa maji. Ilipiga mizinga Normandy 1944. Mwambie dogo aulize mizinga ya omo imeelekezwa wapi. Ni kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya M1! Hao Waingereza nao.

Mama Mapacha: Fundi, swali umelisoma kweli? Ngazi za Belfast ni za chuma, zimesimama wima, unashuka kinyumenyume. Mama wa watu atabaki juu akihesabu magari darajani. Kaka, nenda Portsmouth, uanze na meli ya Mary Rose. Ilizama 1545 enzi za Mfalme Henry VIII, ikaibuliwa 1982. Kati ya watu wapatao 500 hawakupona hata 40. Ubavu mmoja wa meli ndio uliobaki, unautazama kutoka ghorofa tofauti, na lifti ipo. Pinde, viatu, sahani, vyombo vya tabibu, vyote vilitoka kwenye tope. Hata mifupa ya mbwa wa melini imo, na watoto hawabanduki hapo. Bibi naye atapata pa kukaa.

Baba Wawili: Asante dada. Na HMS Victory je, meli ya Admirali Nelson? Kijana anamtaja Nelson kutwa.

Nahodha wa Nchi Kavu: Iko kwenye matengenezo makubwa yaliyoanza 2022, kwa hiyo msitegemee picha ya meli nzima na milingoti yake. Ndani ndiko kwenye utamu: kuna kibao sitahani pale Nelson alipoangukia kwa risasi vitani Trafalgar 1805. Dari za chini ni fupi, warefu wainame. Kigari kiacheni nje, mdogo abebwe kwa mbeleko. Ningekuwa wewe ningeingia na kijana peke yake, wengine wabaki Mary Rose. Picha kapigeni hapo hapo Portsmouth, kwenye HMS Warrior ya 1860. Chuma kitupu, milingoti juu, na haikuwahi kufyatua hata mzinga mmoja vitani.

Fundi Boila: Basi angalau avuke bandari mpaka Gosport akaone nyambizi, HMS Alliance. Boti inavusha watu.

Mama Mapacha: Na mtoto wa miaka 2, siku hiyo hiyo? Fundi, wewe huna watoto.

Fundi Boila: 😂 Sina.

Baba Wawili: Nimeelewa. Mary Rose wote, Victory mimi na kijana, nyambizi tukijaliwa nguvu. Treni je?

Nahodha wa Nchi Kavu: Pandeni London Waterloo, mshuke kituo cha mwisho, Portsmouth Harbour. Msishuke Portsmouth & Southsea, mtatembea bure na hayo magoti. Tiketi za makumbusho kateni mapema mtandaoni.