Zawadi mwenyewe anasemaje?

*Ukoo wa Mzee Shomari, Jumamosi*

Baba Zawadi 19:02
Asalaam aleikum ndugu zangu. Zawadi Januari anaenda bweni, Morogoro. Fomu nimechukua leo. Vinatakiwa godoro, tranka, ndoo mbili, shuka jozi mbili na chandarua. Mwenye uwezo wa kushika kimoja nitashukuru.

Rashidi 19:05
Waaleikum salaam. Hongera kaka. Tranka niachie mimi.

Salum 19:06
Bibi anasema shuka anatoa yeye, zipo kabatini hazijaguswa. (Naandika mimi, Bibi yupo pembeni anatoa maagizo)

Da Mwanaidi 19:20
Alhamdulillah. Hamisi, mwenyewe anasemaje?

Baba Zawadi 19:21
Mwenyewe nani?

Da Mwanaidi 19:21
Zawadi.

Rashidi 19:23
Dada nawe 😂 Mtoto wa miaka kumi anaulizwa shule? Sisi tulipopelekwa Muheza nani alituuliza?

Da Mwanaidi 19:24
Na wewe ukatoroka mara mbili kwa lori la machungwa.

Salum 19:25
Bibi anacheka. Anasema mara tatu.

Baba Zawadi 19:28
Serikali yenyewe imeruhusu. Waraka wa 2023 ulikataza bweni kuanzia awali mpaka la nne. Huyu anaingia la tano.

Da Mwanaidi 19:31
Kuruhusiwa si kulazimishwa, mdogo wangu. Soma Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11. Mtoto atoe maoni, asikilizwe, ashiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Haijasema yeye ndiye aamue. Fomu utasaini wewe na ada utalipa wewe. Ila umsikie kwanza.

Rashidi 19:32
Haki, haki. Wajibu je?

Da Mwanaidi 19:33
Kifungu cha 15, teremsha kidole. Kuheshimu wazazi na wakubwa. Baba mdogo nawe umo, tulia.

Mama Zawadi 19:36
Wifi, mimi kaniambia "sawa mama". Lakini wiki nzima kabla hajaja kwako chakula alikuwa anachezea tu.

Da Mwanaidi 19:37
"Sawa" ya Zawadi naijua. Si yupo kwangu likizo hii, nakuja.

Da Mwanaidi 20:34
Haya. Nilikuwa namfumua nywele, hatutazamani, huyu ndivyo anavyoongea. Sikumuuliza unataka au hutaki, angesema sawa tu. Nikamwambia anihadithie siku yake ya kwanza bwenini itakavyokuwa. Asubuhi ikaenda vizuri, mchana vizuri. Tulipofika usiku kanyamaza, mistari mitatu naifumua kimya. Ndiyo akasema.

Baba Zawadi 20:35
Akasema nini?

Da Mwanaidi 20:37
Siandiki hapa. Kaomba ajue mama yake, na wewe uambiwe na mama yake. Hakuna aliyemfanyia ubaya, hilo nimemuuliza vizuri, msikose usingizi.

Rashidi 20:38
Humu si nyumbani? Watu wa damu tupu.

Da Mwanaidi 20:40
Watu 23 Rashidi, na wawili hata sijui ni wa nani. Nikilianika, siku akiwa na la hatari hatamwambia mtu. Na nimemwandikia 116 nyuma ya daftari, simu ya mtoto, ni bure.

Baba Zawadi 20:41
Dada unanishtaki?

Da Mwanaidi 20:42
Nakushtaki kwa lipi? Ajue tu ipo. Wote wenye watoto waandikieni.

Mama Zawadi 21:03
Nimeongea naye. Asante wifi. Kwetu ni jambo dogo, kwake ni mlima. Na mwaka mzima nimelala chumba cha pili yake.

Baba Zawadi 21:40
Nimeelezwa, nikampigia. Nikasema basi tusubiri la sita. Akasema "sawa". Nikamwambia hiyo sawa siitaki, niambie yako. Akafikiri weee. Akasema mwezi wa sita nimuulize tena, lakini nimuulize kweli. Nimeahidi.

Rashidi 21:44
Na tranka? Fundi nimeshampa hela ya kuanzia 😭

Salum 21:46
Bibi anasema lije Tanga. Shuka zake hazina pa kukaa.