Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa ila kompyuta haina intaneti, simu ziko sawa

baraka_mezani
Habari wakuu. Kompyuta ya mezani, Windows 11, inatumia adapta ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB. Imeanza kupoteza intaneti, hasa ikitoka usingizini, na mara nyingine katikati ya kazi. Alama ya Wi-Fi ipo na jina la mtandao lipo, ila inaandika "No internet". Simu za nyumbani zinatumia ruta hiyohiyo bila shida. Nikizima na kuwasha ruta inatulia kidogo, kisha inarudi palepale. Kwenye ipconfig (amri ya kuonyesha anwani za mtandao) naona IPv4 ni 169.254.83.12. Adapta iko nyuma, tundu la bluu, jirani na diski ya nje. Nifanye "Network reset" au ninunue adapta nyingine?

fundi_ruta
Usifanye lolote kati ya hayo kwanza. "Network reset" inaondoa adapta zote na kuzisakinisha upya, inafuta nywila za Wi-Fi zilizohifadhiwa, na kama una VPN utaiseti tena. Baada ya hapo hata ukipona hujui ulikuwa unaumwa nini.

Hiyo 169.254 inasema mengi. Anwani inayoanza hivyo haikutoka kwenye ruta. Windows imejipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa ruta kugawia vifaa anwani) na kukosa jibu. Kwa hiyo tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Kubadilisha DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), ambako wengi hukimbilia, hakuwezi kukusaidia hapa hata kidogo.

Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue kama msimamizi, kisha:

netsh wlan show interfaces

Soma Signal, Channel na Receive rate, uziandike mahali. Halafu:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikipata anwani, tazama Default Gateway, yaani anwani ya ruta. Tuseme ni 192.168.1.1, ipigie ping (kutuma pakiti ndogo na kupima jibu), kisha seva ya nje 8.8.8.8, kisha jina la tovuti:

ping -n 50 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Ruta iliyo ndani ya nyumba inatakiwa ijibu chini ya milisekunde 10, na isipotee hata pakiti moja. Ikisuasua hapo, hakuna haja ya kuendelea mbele, kipande kibovu ni redio, yaani muunganisho wa Wi-Fi wenyewe. Ruta ikijibu vizuri na 8.8.8.8 ikagoma, shida iko kati ya ruta na nje. 8.8.8.8 ikijibu ila jina likagoma, hapo ndipo DNS inapohusika.

Angalia pia akiba ya anwani kwenye ruta. Ikiwa imepangwa kugawa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, hizo ni 50 tu, na kila moja inashikiliwa mpaka muda wake uishe, hata kama kifaa kimeshaondoka. Zikijaa, anayechelewa anakosa. Kuwasha ruta upya mara nyingi husafisha orodha hiyo, ndiyo maana dalili zako zinanifanya niulize.

zuhura_tek
Naongezea kuhusu kuamka usingizini. Windows hukata umeme wa adapta ili kuokoa nishati, na ikiamka draiva (programu inayoendesha adapta) inaweza kudhani bado iko hewani wakati muunganisho umeshakufa. Fungua Device Manager, Network adapters, bofya adapta mara mbili, nenda Power Management, ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kwenye baadhi ya mashine kichupo hicho hakipo kabisa. Basi pita Control Panel, Power Options, mipangilio ya juu, USB settings, na USB selective suspend uiweke Disabled.

Tatizo likiwa lilianza baada ya masasisho ya Windows, jaribu "Roll Back Driver" kwenye kichupo cha Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani ya kurudia. Pakua ya mtengenezaji. Intaneti ya kupakulia utaipata kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB na kuwasha ushirikishaji wa intaneti kwenye simu.

baraka_mezani
Asanteni sana. Nimeondoa tiki na kuzima selective suspend, sasa ikiamka inaunganika. Ruta imegawa anwani 9 tu, haijajaa. Ping ya ruta ni 2 hadi 4 ms, ila nikianza kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje inaruka hadi 300, 700, kisha "Request timed out" mfululizo. Receive rate inaanguka kutoka Mbps 72.2 hadi 6.5. Cha ajabu Signal haishuki, iko 84% muda wote. Chaneli ni 6.

mawimbi
Mkuu, mhusika ni diski. USB 3.0 (ndiyo hayo matundu ya bluu) ikisafirisha data hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi yako. Intel walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2012. Signal haishuki kwa sababu inapima nguvu ya ruta, haipimi kelele. Ni kama mtu anayekuita kwa sauti ileile huku mashine ya kusaga imewashwa sikioni pako.

Kuhama chaneli 6 kwenda 1 au 11 hakusaidii sana, kelele hii inatanda bendi nzima. Sogeza adapta: waya wa kurefusha wa USB 2.0 wa mita 1, uuchomeke mbele kwenye tundu la USB 2.0, adapta ikae juu ya meza mbali na diski na waya wake. USB 2.0 ni Mbps 480, kwa adapta ya 72.2 hupotezi kitu. Waya wa diski uwe mfupi na wenye kinga nzuri. Zile nyembamba za bei rahisi ndizo huvujisha zaidi.

Kisha andika netsh wlan show drivers. Kwenye "Radio types supported" ukiona 802.11ac, hamia 5 GHz na kelele hii utaachana nayo kabisa, ingawa kuta zitakula mawimbi zaidi. Kwenye ruta chagua chaneli 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta hulazimika kusikiliza rada kabla ya kurusha, na ikiigundua inahama chaneli, nawe utakatika tena.