Amplifaya ya vali kwa ajili ya hedifoni, nianze na ipi?

Mwana_Uyole
Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya huku Uyole, usiku watoto wakishalala kazi yangu ni rhumba la zamani tu, Franco na TPOK Jazz, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, vitu vya namna hiyo. Nina Audio-Technica ATH-M50x, nachomeka kwenye laptopu moja kwa moja. Sasa mpwa wangu anarudi mwezi ujao kutoka Marekani kasema nimtajie kitu kimoja aniletee, na mi moyo uko kwenye amplifaya ya vali, zile zinazowaka kama redio za babu. Nimeiona Darkvoice 336SE. Itaenda na hizi hedifoni au nibadilishe na zenyewe? Nataka gitaa la solo nilisikie vizuri na sauti ya mwimbaji isizame.

Fundi_Kihesa
Kamwene mkuu. Anza na hedifoni, amplifaya ifuate. M50x ni omu 38 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na Darkvoice ni OTL yaani haina transfoma ya kutolea sauti, vali zinasukuma hedifoni kupitia kapasita, kile kidude kinachopitisha mawimbi ya sauti na kuzuia umeme wa mkondo mnyoofu. Amplifaya za aina hiyo zenyewe zina omu nyingi pale kwenye tundu, ukichomeka hedifoni ya omu chache nguvu kubwa inapotelea ndani na besi inalegea. Halafu kuna hiyo kapasita, ikiwa ya mikrofaradi 100 na hedifoni ni omu 32, ukiacha omu za amplifaya yenyewe, sauti za chini ya hezi 50 hivi (mitetemo 50 kwa sekunde) zinaanza kukatwa, wakati noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41. Weka omu 300 hapo inashuka mpaka hezi 5. Ndo maana watu wa OTL wanakimbilia Sennheiser HD 600 au HD 650, zote omu 300, au Beyerdynamic DT 880 ile ya omu 600. Kwa rhumba mi nakupa HD 600, gitaa na waimbaji viko mbele kweli kweli.

Msikilizaji_Njombe
Naheshimu vali ila nisiposema nitakuwa sijakutendea haki kaka. Huo utamu wa vali ni upotoshaji kidogo unaoongezwa kwenye sauti, hasa harmoniki ya pili, yaani mwangwi wa noti ile ile kwa mitetemo maradufu, masikio yanaupenda sikatai lakini Franco hakuurekodi. Chukua ya transista kama Schiit Magni, inasukuma M50x na hiyo HD 600 pia, haichagui. Hela inayobaki weka kwenye hedifoni, tofauti kubwa iko huko.

Mwana_Uyole
Nimekuelewa mkuu, hoja yako ina uzito. Ila vali nimeitamani miaka, kwa hiyo hapo sirudi nyuma. Nimwambie HD 600 na Darkvoice basi? M50x ntamwachia kijana wangu.

Fundi_Kihesa
Sawa ila mwambie mpwa asinunue ile ya dukani Marekani ya volti 120, huku kwetu ni 230, ukichomeka tu transfoma inaungua. Na usitegemee kile kitransfoma cha kushushia umeme, mashine iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 ikija kwenye 50 za huku inaweza kuchemka zaidi. Iandikwe 220 au 230 nyuma, akupigie picha ya hicho kibandiko kabla hajalipa. Tumia stabilaiza maana umeme wa huku unapanda na kushuka. Kama una sola piga hesabu kwanza, ile vali kubwa 6AS7 hita yake peke yake inakula volti 6.3 kwa ampia 2.5, karibu wati 16, na inawaka muda wote hata kama muziki umezima. Ile ndogo 6SN7 usihofu, bado zinatengenezwa Urusi na China, ikichoka unapata nyingine.
Alafu HD 600 ziko wazi pembeni, aliyelala jirani atasikia, kama mnalala chumba kimoja na mama watoto mwambie mapema.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo fundi. Ntaiweka sebuleni basi, juu kabisa ya kabati watoto wasiguse kioo cha moto. Namtumia ujumbe sasa hivi anitumie hiyo picha ya kibandiko.