Injini gani inafaa ndege nyepesi ya kiti kimoja kwa huku Mwanza?

Mzee wa Igombe
Wakuu, habari za majukumu. Nina fremu ya ndege nyepesi ya kiti kimoja, mabomba ya alumini na kitambaa, propela iko nyuma ya bawa. Ikiwa tupu pamoja na injini nakadiria kilo 140. Rubani kilo 85, tangi lita 20. Kasi ya kupandia ni kama kilomita 75 kwa saa. Uwanja ni wa nyasi, mita 350, karibu na ziwa. Nimeorodhesha Rotax 447 (hp 40), Rotax 503 ya mtumba (hp 50) na 582 (hp 65). Kuna fundi ananishawishi nifunge injini ya jenereta ya silinda mbili zilizokaa V, ya hp 23, kwa sababu vipuri vipo mjini, na mwingine anasema injini ya Boxer inatosha. Nichukue ipi?

Kipimajoto
Boxer iache ibebe abiria barabarani. Ni cc 150, hp 12.

Hizo hp zilizoandikwa kwenye karatasi ni za usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,140 juu ya bahari, na mchana joto linafika nyuzi 28 au zaidi. Kwa hali hiyo hewa yetu ni nyembamba kama ya mita 1,900 hivi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 19 ya nguvu. Kwa hiyo 447 inabaki na hp 32, 503 na 40, 582 na 52, na ya jenereta na 18 na kitu.

Sasa weka uzito. Kilo 140, na 85, na petroli kilo 15 (lita 20 mara 0.74), na jaketi la kuokolea, kofia na vikorokoro, fanya 250. Ndege ya mabomba na nyaya kama hiyo ikizimika huteleza mita 6.5 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Maana yake ili ikae usawa kwa kilomita 75 kwa saa inataka kama kilowati 7.9 zinazofika hewani. Propela kwenye mwendo mdogo hivyo hufikisha nusu na kidogo ya nguvu ya injini, chukua asilimia 55.

Ya jenereta inafikisha kilowati 7.6. Haishikilii hata usawa, achilia mbali kupanda. 447 inabakiwa na ziada ya kupanda mita 2.2 kwa sekunde, 503 mita 3.5. Ile 2.2 inaonekana nzuri kwenye daftari, lakini toa asilimia 10 kwa jeti mbaya (kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli) na plagi chafu inakuwa 1.7, halafu pita upande wa chini ya upepo wa vile vilima vya mawe ambako hewa inashuka. Hapo umemaliza ziada yote. Kwangu mimi jibu ni 503.

582 ina nguvu ya kutosha na zaidi, ila rejeta, maji na mabomba yake vinaongeza kama kilo 10, na kwenye ndege yako mzigo huo unakaa nyuma. Pima mizani upya kabla hujailipia.

Ndege Mwitu
Nipinge kidogo. Mtu atakayekuwa juu ya maji kila siku asitumie stroki mbili kabisa. Rotax 912 UL ni hp 80, stroki nne, plagi mbili kila silinda, kabureta zake zinajirekebisha zenyewe kwa kimo, na muda wa kufunguliwa yote na kukarabatiwa ni mara kadhaa ya ule wa saa 300 wa 503.

Kipimajoto
Sawa, lakini ikishafungwa kila kitu inazidi kilo 70. Kwenye ndege ya kilo 140 utaweka nini mbele kusawazisha? Hiyo ni ya ndege ya viti viwili.

Mzee wa Igombe
Nimeelewa. Kuna 503 naiona inauzwa, kabureta mbili, saa 180, giaboksi B ya uwiano wa 2.58. Nikague nini?

Fundi Krenki
Usisikilize inavyonguruma. Fungua manifoldi ya eksozi, mulika tochi kwenye tundu la moshi, zungusha propela kwa mkono polepole. Pistoni iwe laini. Ukiona mistari ya kusimama ubavuni, ilishawahi kushika, yaani kukwama kwa joto. Bonyeza ringi kwa kijiti cha mti: inatakiwa icheze. Ikiwa imeganda kwa kaboni, kuna kazi.

Kisha mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukunje kwa vidole, utafute nyufa. Ufa mdogo tu unaingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), silinda moja inapata moto na pistoni inashika. Hii ndiyo inayoua injini nyingi za mtumba, na mpira wenyewe ni wa bei ndogo.

Uliza umri, si saa tu. Muda wa kufungua ni saa 300 au miaka 5, kipi kitangulie. Injini iliyolala miaka huku kando ya ziwa, beringi za krenki zinapata kutu kwa unyevu, maana stroki mbili haina sampu ya oili inayozilowesha. Saa 180 za miaka 12 nazihesabu kama injini ya kufungua.

Kwa kuwa propela iko nyuma, chukua yenye feni ya kupoozea na uangalie mkanda wake. Ile 2.58 ni nzuri: mizunguko 6,500 ya injini kwa dakika inakuwa kama 2,520 kwenye propela, unaweza kufunga ya mita 1.6 ikavuta vizuri kwa mwendo mdogo.

Kipimajoto
Naongeza kuhusu jeti. Kabureta za 503 hazijui kimo. Jeti ya usawa wa bahari hapa inatoa petroli nyingi mno: plagi nyeusi, nguvu imepungua. Tumia jedwali la kiwandani, shuka saizi moja kwa wakati, funga geji za joto, kichwa kisizidi nyuzi 250 na moshi usizidi 650. Plagi ikitoka rangi ya kahawia umefika, nyeupe umepitiliza, rudi nyuma. Na ukiipeleka ndege Dar, rudisha jeti kubwa KABLA ya kuwasha, la sivyo hewa nzito ya pwani inaifanya iungue.

Wadudu wa ziwani wakitanda, safisha chujio la hewa na mapezi ya silinda siku hiyohiyo.

Mzee wa Igombe
Oili ya boti ya hapa Mwaloni inafaa? Na naweza kuvuka kwenda upande wa Sengerema?

Fundi Krenki
Ile ya TC-W3 hapana. Imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Kwenye silinda ya kupozwa na hewa inaungua na kugandisha ringi. Tafuta yenye alama ya API TC, changanya 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa tangi lako la lita 20. Petroli ya kwenye dumu ichuje, maji hayakosi.

Ndege Mwitu
Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza. Ile ruhusa ya Marekani ya ndege ya chini ya kilo 115 bila leseni haina nguvu hapa, na Mwanza kuna mnara wa kuongozea ndege.

Kuvuka, pita Kigongo–Busisi ambako maji ni kama kilomita 3. Katikati uko mita 1,500 kutoka ufukweni, na kwa 6.5 kwa 1 unapoteza mita 230. Upepo wa kilomita 20 ukikukabili inakuwa zaidi ya 310, na kugeuka kunakula nyingine. Usiingie juu ya maji chini ya mita 450.