Naomba ushauri: pandas inanionya nikibadilisha jedwali nililolichuja

Wakuu, habari za kazi. Nashughulikia hesabu za malipo ya wakulima wa korosho kwa Python, natumia pandas (maktaba ya kuchakata majedwali ya data) toleo la 2. Nachuja waliouza daraja la kwanza, kisha naongeza safu ya makato:

kwanza = malipo[malipo["daraja"] == 1]
kwanza["makato"] = kwanza["kilo"] * 50

Hapo inatoka SettingWithCopyWarning, yaani onyo kwamba huenda ninabadilisha nakala badala ya jedwali mama. Makato yanaingia kwenye kwanza, ila malipo haiguswi. Hizi ni pesa za watu, siwezi kulipuuza onyo.

Ninavyoelewa, kuchuja kwa sharti huzaa nakala mpya, lakini kukata mistari, mfano malipo[0:100], kunaweza kukupa dirisha tu la kutazamia data ileile: ukibadilisha huku, na kule kunabadilika. pandas haiwezi kujua ulikusudia kipi, ndiyo maana inaonya. Nikitaka jedwali la pembeni naweka .copy(), inayotengeneza nakala inayojitegemea, baada ya kuchuja. Nikitaka jedwali mama libadilike:

malipo.loc[malipo["daraja"] == 1, "makato"] = malipo["kilo"] * 50

Hii naiamini zaidi, maana nia inaonekana wazi.

Ninapokwama ni kwenye fanksheni zinazopokea jedwali ambalo limeshachujwa kwingine. Niweke .copy() ndani ya kila fanksheni, hata faili likiwa kubwa na RAM ni ndogo? Au nihamie toleo la 3, ambako kila kilichochujwa huhesabiwa nakala na onyo hili limeondolewa? Nahofia programu za zamani zilizotegemea jedwali mama kubadilika zitatoa hesabu tofauti kimyakimya. Waliokwisha kuhama, mlizikaguaje?