Kugeuza meli ya ugavi iwe ya kulaza kebo: sinia la tani 1,200 juu ya sitaha ya tani 5

Mkuku_Mrefu:
Wakuu, meli ni ya ugavi, urefu mita 80, ina DP2 (mfumo wa kompyuta wa kuishikilia mahali pake), sitaha inabeba tani 5 kwa mita ya mraba. Kebo ni ya umeme, tani 1,200, kipenyo milimita 130, kilo 35 kwa mita nchi kavu na 22 majini. Kina ni mita 60. Mpindo usipungue nusu kipenyo cha mita 3. Je, tuikunje kwenye tangi tuli kuokoa gharama, au lazima sinia la kuzunguka, yaani jukwaa la duara linalozungushwa kebo ikizingwa juu yake? Na mashine ya kushikilia kebo iwe ya tani ngapi?

Taruma:
Mkuu, jibu la kwanza liko ndani ya kebo. Kwenye tangi tuli, kila duara unalokunja linaisokota kebo mara moja kamili. Yenye tabaka moja la nyaya za chuma huvumilia, ikikunjwa upande unaofaa. Yenye matabaka mawili yaliyosokotwa kinyume haivumilii, itajipiga vifundo. Mtengenezaji akisema haikunjiki, hakuna cha kuokoa hapo.

Sinia la kipenyo mita 15 lina mita za mraba 177. Kebo tani 1,200 na chuma cha sinia lenyewe tuseme 250: tani 8.2 kwa mita ya mraba, na sitaha yako ni 5. Kubandika bamba nene juu ya sitaha hakutibu. Weka fremu ya mihimili inayopeleka uzito kwenye mataruma makubwa (mbavu za meli) na kuta za ndani. Hesabu ya uthabiti irudiwe pia kwa sinia lililojaa, nusu na tupu, maana uzito huo wote uko juu ya sitaha na unapungua kadiri unavyolaza. Matangi ya balasti (maji ya kusawazisha meli) yaliyojaa nusu ndiyo yanayoharibu hesabu hiyo.

Shetri:
Nguvu inayoivuta kebo huko juu, melini, ni uzito majini mara kina, gawanya kwa (1 − kosaini ya pembe ya kebo kutoka mlalo). 22 × 60 = kilo 1,320. Kwa nyuzi 60 inakuwa tani 2.6, na chini inabaki 1.3. Usiilegeze ibaki wima kabisa. Pale inapogusa sakafu ya bahari itavunja kikomo cha mpindo. Ongeza mawimbi na uwezekano wa kuirudisha juu: mashine ya tani 8 inatosha.

Ila angalia kubana. Mashine ikiwa na mikanda miwili inayoishika kebo, msuguano 0.15: kila mkanda unabana tani 26.7. Kwa mita 4 za mguso ni karibu tani 6.7 kwa mita, na kebo nyingi hazipendi hivyo. Mikanda minne hupunguza nusu. Chuti ya shetri (mtelezo wa kebo nyuma ya meli) iwe na nusu kipenyo zaidi ya mita 3, kwa sababu kikomo hupanda kebo ikiwa imevutwa.

Taruma:
Nyongeza kuhusu reli ambayo magurudumu ya sinia hupita. Isipimwe meli ikiwa chelezoni, kwani ikielea hupinda vingine. Pima ikielea, balasti karibu na hali ya kazi, alfajiri kabla jua halijapasha sitaha. Kosa la milimita chache tu, magurudumu machache yanabeba mzigo wa yote na beringi zinakufa mapema.

Kabla ya kuchomelea, matangi ya chini yasafishwe, yatolewe gesi, yapimwe. Rangi ya ndani itaungua, ipakwe upya.

Shetri:
Na sinia zito halisimami papo hapo. Acha kitanzi cha ulegevu kati yake na mashine, chenye kihisi cha kusimamisha vyote viwili kwa pamoja.